Zamu ya Nyikani

Anayetaka kuamini na aamini, na asiyetaka asikilize tu, maana kusikiliza hakutozwi kodi: iko nchi iitwayo Pokezana, na Maulidi Chande alifika huko. Chande alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu. Maisha yake yote aliyamaliza akiandika magomvi ya watu bila kuingia upande wowote, na alidhani ameshasikia kila aina ya ujinga ambao binadamu anaweza kuuapia. Pokezana ilimwonyesha kwamba bado alikuwa na mengi ya kusikia.

Jambo la kwanza aliloliona katika Mji Mkuu wa nchi ile ni kamba. Kila jiwe la ukuta lilitobolewa tundu, na kila tundu lilikuwa na kitanzi. Milango ilishikizwa kwa kamba mahali pa bawaba. Hata sanamu ya mwasisi wa taifa, mbele ya ukumbi wa Baraza, ilikuwa na kitanzi shingoni, na wenyeji hawakuona ubaya wake. Chande alipomuuliza askari wa lango, alijibiwa kwa upole, "Mji wetu ni wa kubebwa, mgeni. Kwenu haubebwi?"

"Kwetu mji hukaa ulipo."

"Maskini," alisema askari, kwa huruma ya kweli. "Basi wengine huupata vipi?"

Chande alimshukuru, akapita.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Pokezana ina majimbo matatu: Milimani kwenye baridi, Mabondeni kwenye mito na udongo mweusi, na Nyikani ambako mvua hupita juu kwa juu bila kubisha hodi. Zamani majimbo hayo yalipigana, kila moja likisema kwamba jingine linakula peke yake. Walipochoka kuzikana, wazee wao waliketi wakatunga sheria moja waliyoiona ni ya haki kuliko zote: neema isikae mahali pamoja. Nchi iwe na hospitali moja, shule moja, mahakama moja na ghala moja, na vyote hivyo, pamoja na Baraza, vikae mwaka mmoja katika kila jimbo, kisha vifunguliwe jiwe kwa jiwe na kubebwa kwenda kwa jirani. Wazee walikufa wakiwa wameridhika, na kwa kweli kwa muda fulani hakuna aliyemchoma mwenziwe mkuki.

Kutokana na sheria hiyo watu wa nchi ile walipata majina. Wenye mji waliitwa watu wa leo. Waliokwisha kuwa nao waliitwa watu wa jana. Wanaousubiri waliitwa watu wa kesho, nao walisifiwa sana kwenye hotuba kwa subira yao. Majina haya hayakuwa ya mzaha. Hospitalini watu wa leo walikaa ndani, watu wa jana barazani, na watu wa kesho walikuwa na benchi lao nje juani, na waliitwa pale watu wa leo walipokwisha. Watu wa leo hawakuwa wakiisha.

Ila wazee wale walisahau jambo moja. Walisema mwaka, hawakusema mwaka ni nini. Kazi ya kutangaza kwamba mwaka umekwisha walimpa Spika wa Baraza, na Spika hutoka katika jimbo lenye mji. Mwaka wa Milimani ulikuwa mfupi, kwa sababu Spika wao alikuwa mtu mnyofu, na hadi leo watu wake wanalitemea mate kaburi lake. Mwaka wa Mabondeni ndio uliokuwa ukiendelea. Watoto waliozaliwa ulipoanza walikuwa sasa wananyoa ndevu. Ilipofika mwezi wa kumi na mbili, Baraza lilipitisha mwezi wa kumi na mbili mdogo, kisha mwezi wa kumi na mbili mkubwa, kisha wa kumi na mbili wenyewe, na kila mara Spika alieleza kwa masikitiko kwamba kazi za mwaka hazijakamilika.

Chande alipata malazi kwa mjumbe wa Nyikani, mama wa makamo aitwaye Nyamizi, aliyepanga vyumba viwili nyuma ya ghala. Alikuwa mtu mrefu, mkavu wa mwili na wa maneno, na alimkaribisha mgeni kwa uji wa mtama akimwomba radhi kwamba mchele huuzwa kwa watu wa leo kwanza. Pamoja naye alikuwepo binti yake wa pekee, Mboni, mwenye mimba kubwa. Mboni alikuwa mcheshi, na Chande alimpenda mara moja kama mtu anavyompenda mtoto wa ndugu yake.

"Huyu aliye tumboni ni wa pili," Nyamizi alimweleza mgeni. "Wa kwanza alizaliwa kule kwetu, hakuna wa kumshika. Mtoto alikwenda, na mama mtu alivuja damu hadi tukamkatia tamaa. Mganga alisema akizaa tena mbali na hospitali, tusimlaumu Mungu. Ndiyo sababu nimemleta hapa. Afadhali benchi la juani kuliko pasipo na benchi."

"Na benchi lenyewe nimelizoea," alisema Mboni. "Limeshachukua umbo langu, Bwana Chande. Nikiondoka litanililia."

Muda wake ulikuwa unakaribia. Kila asubuhi mama na binti walikwenda hospitalini kuulizia, na kila asubuhi muuguzi mmoja mwenye roho nzuri aliwaambia kwamba uchungu ukianza waje tu, atamwingiza kwa mlango wa nyuma. Hilo ndilo tumaini walilokuwa nalo. Lilikuwa dogo, lakini lilikuwa umbali wa kutupa jiwe.

Wakati huo huo Baraza lilikuwa limewaka moto. Mjumbe wa Milimani, Bwana Kilua, alikuwa ameleta hoja ambayo haijapata kusikika Pokezana. Ilisema mji usibebwe tena. Kila jimbo liwe na baraza lake, hospitali yake na shule yake, zijengwe kwa mawe yasiyo na matundu, na hazina ya nchi igawanywe kwa kuanza na aliyeachwa nyuma. Watu waliiita Hoja ya Kukaa. Chande, ambaye mguu wake haukuweza kupita penye mabishano, alipewa kiti cha wageni.

Kilua alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. "Waheshimiwa," alisema, "shule ilipokuwa kwetu mimi nilikuwa mtoto. Ilitufundisha kujumlisha, ikatufundisha kutoa. Siku ya kuanza kugawanya, walikuja wenye kamba. Kizazi kizima cha Milimani hakijui kugawanya hadi leo. Pale ilipokuwa shule pamebaki sakafu, na mbuzi wanalala juu yake. Msitufanye tuione neema kama wingu la nzige, linatua kisha linaruka."

Aliyesimama kumjibu alikuwa Mheshimiwa Pazia wa Mabondeni, msemaji hodari mwenye mikono laini aliyoipangusa kila mara. "Mji huu ndio fundo la nchi," alisema. "Ukifungua fundo, mzigo wote unamwagika. Leo Nyikani wakipata hospitali yao, kesho watataka na magonjwa yao. Halafu tutaonana wapi? Mtu wa Nyikani akiugua, sasa hivi hulazimika kuja kwetu, tukamjua, tukampenda. Mnataka kuuua upendo huu?"

Wajumbe wa Mabondeni walipiga meza. Mzee mmoja wa upande wao aliongeza kwamba yeye hana ubaya na Nyikani, ila watu wale hawajawahi kukaa na hospitali, na kitu usichokizoea utakiharibu. Kwanza wajifunze.

"Tujifunzie wapi?" aliuliza Nyamizi bila kusimama.

"Hospitalini," alijibu mzee.

Karani wa Baraza aliandika kwamba swali limejibiwa.

Ndipo Nyamizi akasimama. Hakupaza sauti. "Nyumba hii tuliyomo," alisema, "mnajua mawe yake yalichimbwa wapi? Mlima wa Nyikani ulikuwa mkubwa kuliko yote. Babu zetu waliuvunja wakaubeba hadi hapa, kwa sababu waliambiwa utarudi kwa zamu. Nyinyi mmekaa ndani ya mlima wetu. Sisi tumekaa kando ya shimo. Siwaombi mlima wote. Naomba chumba kimoja chenye kitanda na mtu anayejua kazi yake, kikae, kisiondoke, ili mwanangu na wa mwenzangu wasife kwa kusubiri. Naiunga mkono Hoja ya Kukaa, na Nyikani yote inaiunga mkono."

Chande, aliyezoea kusoma nyuso za wazee wa baraza mahakamani, aliona wazi kwamba hoja inapita. Milimani na Nyikani wakiwa pamoja walikuwa wengi kuliko Mabondeni. Hata Pazia alikuwa ameacha kupangusa mikono yake.

Spika naye aliliona hilo. Jina lake lilikuwa Lubango, mtu mnene mwenye utulivu wa paka aliyeshiba. Alikohoa kidogo. "Kura tutapiga baada ya chakula cha mchana," alisema. "Kabla hamjatoka nina tangazo dogo. Nimepitia kazi za mwaka, nikaona kwamba zimekamilika. Mwaka wa Mabondeni umekwisha. Zamu ni ya Nyikani. Hoja ikianguka, tunaanza kufungua mawe kesho."

Halafu akakusanya joho lake akatoka, akiwaacha wajumbe wa Nyikani wamekaa kama watu waliomwagiwa maji.

Chumbani nyuma ya ghala hakuna aliyegusa chakula. Masele, mdogo wake Nyamizi na mjumbe mwenzake, aliingia akiwa analia na kucheka kwa pamoja. "Dada, umesikia? Umesikia kwa masikio yako? Sisi! Watu wa leo! Baba alikufa akiuliza kama mawe yameonekana barabarani."

"Nimesikia."

"Basi hoja ya Kilua tuiache. Kilua ameshakula zamu yake. Sasa zamu yetu imefika mlangoni, ndipo yeye anagundua kwamba zamu ni mbaya? Tukikubali hoja, tunapata theluthi. Tukikataa, tunapata mji wote!"

"Kwa mwaka mmoja," alisema Chande, akajishangaa kusikia sauti yake.

Masele alitabasamu. "Mwaka, Bwana Chande, ni wa mwenye kuuhesabu. Hilo wametufundisha wao."

Mboni alikuwa amejilaza ukutani, mkono juu ya tumbo. "Mama," alisema, "mimi sitaki kuwa mtu wa leo. Nataka kuwa karibu na mlango ule wa nyuma. Wakianza kufungua mawe, mimi nitazalia wapi?"

"Utazalia kwetu, ndani ya hospitali, kitanda cha kwanza," alisema Masele. "Nani atakupeleka benchi tena?"

Nyamizi alimgeukia mgeni. "Wewe umekaa na mahakimu. Sema neno."

"Kwetu husema, usiache mbachao kwa msala upitao."

Nyamizi alimjibu bila hasira. "Methali hiyo ni ya mtu mwenye mbacha, Bwana Chande. Sisi hatujawahi kuwa nao hata wa kuuacha. Bibi yangu alikufa mtu wa kesho. Mimi nimezeeka mtu wa kesho. Naitwa hivyo sokoni, naitwa hivyo hospitalini, na watoto wadogo wa mji huu huniita hivyo wakinirushia maganda ya ndizi. Wewe una nchi yako. Hujui inavyouma." Machozi yalimlenga, akayazuia. "Ninataka mjukuu wangu azaliwe leo."

Chande alijua kwamba amekosea, si kwa hoja bali kwa kusema na kidonda kwa methali.

Katika Baraza la Pokezana wanaokubali hoja hukaa, na wanaokataa husimama. Mabondeni walisimama mara moja, kwa kuwa walijua kwamba mji ukienda kwa zamu, ipo siku utarudi kwa zamu. Masele alisimama akiwa amenyoosha mikono juu. Wajumbe wengine wa Nyikani wakamfuata mmoja mmoja, wakikwepa kumtazama Kilua. Nyamizi alibaki amekaa mpaka Spika alipouliza kama kura imekamilika. Hapo aliinuka polepole, akaegemea meza, akasimama. Kilua alijifunika uso kwa viganja. Hoja ya Kukaa ilianguka.

Kesho yake kazi ilianza. Mtu asiyeuona mji ukifunguliwa hawezi kuelewa huzuni yake. Ufunguaji huwa na utaratibu: linaanza lile lisilo na wa kulitetea. Hospitali ikaanza. Wagonjwa walitolewa na kupangwa kwenye nyasi, paa likashushwa, mawe yakafungwa kamba, na muuguzi mwenye roho nzuri akaambiwa ahesabiwe pamoja na vitanda. Lakini upakiaji una utaratibu wake pia, na huo huanza na heshima. Kiti cha Spika kilipakiwa kwanza, na zulia lake, na lango, na nguzo ya bendera, na mwasisi kwa kitanzi chake. Kwa hiyo hospitali ilikuwa ya kwanza kufunguliwa na ya mwisho kupakiwa. Daktari mwenyewe aliwekwa katika mikokoteni ya mbele, kwa sababu tumbo la Spika halikupenda safari.

Mboni alisafiri juu ya mkokoteni wa nyuma kabisa, kati ya masanduku ya hospitali. Nyamizi alitembea kando yake akimpepea kwa ukindu. Njia nzima Mboni aliimba nyimbo za kejeli juu ya benchi lake, ambalo lilikuwa limefungwa miguu juu kwenye mkokoteni huo huo, na wabebaji wa Milimani walicheka mpaka mizigo ikayumba.

Msafara ulikwama kwenye jiwe la mpaka. Sababu ilikuwa ya kisheria. Wabebaji wa Mabondeni walitua mizigo wakasema kwamba ng'ambo ya jiwe ni Nyikani, na Nyikani wabebe wenyewe. Vijana wa Nyikani walikuwa wamefika kwa maelfu kuupokea mji, wamevaa shanga, na ngoma zao zilisikika kutoka mbali. Masele alisimama mbele yao juu ya jiwe.

"Sisi ni watu wa leo," alisema. "Mtu wa leo habebi."

Vijana walimshangilia. Ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kulitamka neno hilo juu ya nafsi zao, na lilikuwa tamu midomoni. Mikokoteni ya mbele, ya kiti na zulia, ilikuwa imeshavuka kabla ya ubishi kuanza. Hospitali ilibaki upande wa huku.

Uchungu ulimshika Mboni saa za adhuhuri. Nyamizi alikimbia kwa msimamizi wa mizigo, kijana nadhifu aliyekaa kivulini mwa sanduku.

"Baba, mwanangu anajifungua. Naomba hospitali."

"Hapa hakuna hospitali, mama," alisema kijana kwa adabu. "Iliyofungwa kamba ni mzigo. Na mji ukiwa njiani hakuna mwaka, kwa hiyo sina hata wa kumtanguliza. Leo hakuna mtu wa leo. Mkivuka, nitakufungulia wewe wa kwanza."

"Tutavuka lini?"

"Wakikubaliana wa kubeba."

Nyamizi hakubishana naye. Alichukua panga la mbebaji mmoja akaanza kukata kamba. Chande, ambaye maisha yake yote hakupata kuingia upande wowote, alivua koti lake akamsaidia. Walifungua sanduku la kwanza, lilikuwa na vigae. La pili, vigae. La tatu lilikuwa na mashuka, wakamtandikia Mboni palepale barabarani. Muuguzi aliruka kutoka mkokoteni aliohesabiwa nao, akapiga magoti. Waliendelea kufungua: taa, mabeseni, miguu ya vitanda, kibao kilichoandikwa "Karibu Mgonjwa". Dawa ya kuzuia damu haikuwemo. Muuguzi alisema iko kwenye mkoba wa daktari, na mkoba uko mbele, na daktari yuko na Spika.

Nyamizi alipanda juu ya jiwe la mpaka akampigia kelele ndugu yake, aliyekuwa ameshashuka kati ya wapiga ngoma. "Masele! Beba! Nakuomba, bebeni! Mboni anakufa!"

Ngoma zilikuwa kubwa. Alirudia mara nyingi kabla hajasikiwa. Masele aliposikia, aliziacha shanga zake zikikatika akakimbia, na vijana wakakimbia nyuma yake, na katika muda mfupi kila mtu wa leo alikuwa na mzigo begani. Lakini mtoto alikuwa ameshazaliwa, wa kiume, mzima, na damu ya mama yake ilikuwa imeshapita mashuka matatu na kuingia mchangani.

Mboni alimtazama mama yake. "Usimpe jina la siku," alisema, "si la leo, si la kesho." Baada ya hapo hakusema tena. Walimzika kando ya barabara. Masele alichimba kaburi peke yake na hakuruhusu mtu kumshika mkono. Mwanamke mbebaji wa Milimani, aliyekuwa akinyonyesha, alimchukua mtoto akamweka titi la pili bila kuambiwa. Chande alilia waziwazi, mtu mzima, karani, mbele ya watu.

Huzuni ile ingewafunza wengine. Labda iliwafunza kwa siku tatu. Mji ulipofika Nyikani, lango ndilo lililosimikwa kwanza, katikati ya uwanda usio na ukuta wala nyumba, na askari wakawekwa hapo, na kila mtu alitakiwa kupita langoni ingawa pande zote palikuwa wazi. Hospitali ilikuwa bado masanduku. Baraza lilifungua kikao chake cha kwanza juani, wajumbe wakiwa wamekaa juu ya mawe. Spika mpya, kama sheria inavyotaka, alitoka Nyikani, naye alikuwa Masele.

Masele alikuwa amekonda tangu mazishi, lakini nyuma yake walisimama watu wake, maelfu, na macho yao yalikuwa yamemtazama yeye. Alisoma hoja ya kwanza kwa sauti ya chini. Ilisema kwamba mwaka wa Nyikani usiwe mfupi kuliko ulivyokuwa wa Mabondeni.

Vigelegele vilipanda hadi mbinguni. Mheshimiwa Pazia, ambaye sasa alikuwa mtu wa jana, alisimama kulalamika juu ya haki na usawa, na alisema kwa uchungu mwingi, kana kwamba maneno hayo yalibuniwa asubuhi ile. Hakuna aliyemsikiliza.

Ndipo Nyamizi alipoinuka, mjukuu mgongoni. Alikwenda kwanza pale alipokaa Kilua, pembeni kabisa.

"Bwana Kilua, hoja yako naileta tena. Kwa jina langu."

Kilua alimtazama kwa mshangao, kisha kwa mashaka. "Mama Nyamizi, pole kwa msiba. Lakini fikiri. Mji ni wenu sasa. Hoja hii inawanyang'anya nyinyi."

"Ndiyo maana naileta sasa. Mwenye njaa akisema tugawane, watu husema, ni njaa hiyo inasema. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli nikiwa na njaa, nikaona chungu, nikasimama. Sasa chungu kiko kwetu. Na aseme mwenye chungu, tuone watasema nini."

Akarudi katikati. Alipoitamka Hoja ya Kukaa, watu wake mwenyewe walipiga yowe. Wengine walimwita msaliti. Mzee mmoja wa kwao alimuuliza kwa kilio kama amelipwa na Mabondeni, maana Nyikani haijakaa hata wiki moja ndani ya leo. Nyamizi alimjibu, "Baba, mimi nimekaa ndani yake. Leo yetu ni mkokoteni uliokwama." Kisha hakujibu tena matusi.

Sheria ya Baraza husema kwamba mtoa hoja husimama hadi mtu mmoja wa jimbo lake amuunge mkono, au hadi akae mwenyewe, na akikaa, hoja imekufa. Masele aliuliza kama yuko mjumbe wa Nyikani anayemuunga mkono. Akauliza tena. Wajumbe walitazama mchanga. Yeye mwenyewe alishika ukingo wa kiti kile kikubwa kilichovuka mpaka kabla ya hospitali, maana neno lake nalo lingetosha, lakini hakulisema.

"Dada," aliomba hatimaye, "jua kali. Una mtoto. Kaa."

Nyamizi hakukaa. Chande, aliyekuwa na kiti cha mgeni na hakuwa na kura, alivunja desturi ya nchi ile na ya maisha yake, akaenda akasimama kando yake akamtilia kivuli kwa koti. Askari walimwondoa kwa heshima, wakamtoa kupitia langoni, wakamwonyesha njia ya kwao.

Aligeuka kutazama mara nyingi, maana uwanda ule ni tambarare na hakuna ukuta wa kuficha kitu. Aliwaona wajumbe wakiinuka kwenda kula, wakirudi, wakikaa. Alimwona yule mwanamke wa Milimani akimpokea mtoto mgongoni mwa bibi yake ili amnyonyeshe, kisha akimrudisha. Alimwona Masele ameinuka kitini, bado hajasema neno. Nyamizi alikuwa bado amesimama.